Sinema za Kutisha na Laibrari za Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Laibrari za video zilikuwaje? Sisi wengine tumezaliwa enzi za simu.

Fremu moja mbele ya nyumba ya mtu, rafu za mbao hadi darini, feni inayozungusha joto lile lile, na kaunta yenye daftari kubwa. Kanda zimesimamishwa wima, kila moja na namba yake kwa kalamu nzito. Uanachama uliandikishwa daftarini: jina, mtaa, namba ya nyumba, na jina la mtu mzima anayefahamika, ili ukitokomea na mkanda ajulikane wa kufuatwa. Mkanda mpya ghali, wa zamani rahisi, na ukichelewesha unalipa faini.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa umeme. Ukikatika wakati mnaangalia, mkanda unabaki tumboni mwa deki, ile mashine ya kuchezea kanda, na hautoki mpaka umeme urudi. Siku zinahesabiwa, wewe unaangalia dari. Hapo ndipo watu walipojifunza kubembeleza.

Duka la mtaani kwetu, Dar es Salaam, lilikuwa la mzee tuliyemwita Mjomba. Sinema za kutisha aliziweka rafu ya chini kabisa, chini ya karate, na kava zake alizigeuza nyuma mbele. Kina mama walikuja kukodi Kihindi pamoja na watoto, na hakutaka lawama za mtoto kukojoa kitandani. Ilibidi uchuchumae uanze kugeuza moja moja. Sijapata tena raha ya kuchagua filamu kama ile.

Kwa nini watu waliziabudu hivyo?

Kwa sababu hakukuwa na kingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia, ilianza matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara mtu alinunua televisheni ili aangalie kanda, basi. Majumba ya sinema yalikuwepo, na Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966 ilijaza magari, lakini uingizaji wa filamu ulishikwa na shirika la umma na zilizofika zilikuwa chache.

Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, milango ikafunguka. Deki zikaanza kuingia, nyingi kupitia Dubai na Oman, mikononi mwa mabaharia, wafanyabiashara na ndugu wanaoishi huko. Mwenye deki akawa mtu mashuhuri mtaani. Wengine walitoza kiingilio sebuleni, wengine wakajenga banda la mabati na mabenchi, na ndivyo vibanda umiza vilivyosambaa.

Duka la kwanza la kukodisha video duniani lilikuwa wapi?

Anayetajwa zaidi ni George Atkinson wa Los Angeles, aliyeanza mwaka 1977 na filamu hamsini. Blockbuster, kampuni kubwa ya maduka ya kukodisha video, ilikuja mwaka 1985 huko Dallas, ikafika maduka zaidi ya elfu tisa mwaka 2004, na ikafilisika mwaka 2010. Leo limebaki moja, mji wa Bend, jimbo la Oregon. Watalii huenda kulipiga picha.

Mbona rafu za kutisha zilijaa kuliko nyingine?

Hesabu ya biashara. Mwanzoni studio kubwa za Marekani ziliiogopa video, zikasita kutoa filamu zao. Wenye maduka walikuwa na rafu tupu. Waliokuwa tayari kuuza ni watengenezaji wadogo, na mtengenezaji mdogo asiye na fedha ya kumlipa stelingi mwenye jina hutengeneza nini? Hutengeneza filamu ya kutisha: nyumba moja, usiku mmoja, vijana watano wasiojulikana na ndoo ya damu bandia.

*The Evil Dead* ya Sam Raimi (1981) ni mfano wangu wa kila siku. Raimi na rafiki zake walichangisha fedha kwa watu wanaowafahamu, wakaingia kwenye kibanda porini Tennessee na kamera ya filamu ya milimita 16. Kamera ikikimbia chini chini msituni, ujue waliifunga kwenye ubao wakakimbia nao. Kwenye video filamu hiyo ikawa mfalme, hasa Uingereza, ambako iliwatia watu kiwewe.

Ni kweli Uingereza walizikamata kanda?

Kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanda za video hazikuwa na ukaguzi kule, na magazeti yakaanza kupiga kelele kwamba watoto wanaharibiwa. Polisi waliingia madukani wakabeba kanda. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa na orodha ya filamu zilizohesabiwa kuwa chafu, na ukijumlisha zote zilizowahi kuingia humo zinafika 72. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kukagua kila mkanda. *The Exorcist* yenyewe haikupata cheti cha video Uingereza hadi mwaka 1999.

Matokeo yake, orodha ile ikageuka mwongozo wa ununuzi. Kijana akiambiwa filamu 72 hazifai, tayari ameshapata ratiba ya mwaka mzima. Sisi tulikuwa na sheria ya filamu ya mwaka 1976 na bodi ya ukaguzi, lakini mkanda ulioletwa ndani ya begi la nguo kutoka ng'ambo ulifika kwa Mjomba bila kupita meza ya mtu yeyote.

Taja kumi bora.

Sitaji kumi. Orodha za kumi zinamlazimisha mtu ajaze nafasi tatu za mwisho kwa aibu. Nitataja ninazorudia.

*The Thing* ya John Carpenter (1982) ndiyo ya kwanza, na sijali nani anabisha. Wanaume wamefungiwa na barafu kwenye kituo cha utafiti Antaktika, na kati yao kuna kiumbe kinachoweza kujigeuza kuwa yeyote kati yao. Majumba ya sinema yaliikataa: ilitoka majira yale yale ambayo watu walikuwa wakimlilia *E.T.*, na mgeni huyu wa angani hakuwa wa kukumbatiwa. Video ndiyo iliyoiokoa. Sisi hatukuhitaji kufafanuliwa. Mtu aliyekulia mahali ambapo kikao cha ukoo kinaweza kukaa usiku kucha kumtafuta mchawi ni nani kati yao anaijua hofu hiyo kwa undani. Pale wanapopima damu kwa waya wa moto, wote wamekaa wanatazamana, ni kikao kile kile. Mkaguzi mwenyewe naye anatiliwa shaka.

Ya pili ni *Halloween* (1978), ya Carpenter huyo huyo. Ilitengenezwa kwa takriban dola laki tatu, na barakoa ya muuaji ni ya bei chee, sura ya Kapteni Kirk wa *Star Trek* iliyopakwa rangi nyeupe. Hadithi inatokea Illinois majira ya majani kupukutika, lakini walipiga picha California wakati miti iko kijani, hivyo walipaka rangi majani, wakayamwaga barabarani, kisha wakayaokota watumie tena. Muziki alipiga Carpenter mwenyewe. Damu ni kidogo mno. Mtu anasimama ng'ambo ya barabara mchana kweupe, anakutazama, basi.

Halafu *A Nightmare on Elm Street* ya Wes Craven (1984). Freddy Krueger, aliyeigizwa na Robert Englund, anakuua usingizini. Maadui wengine wote unaweza kuwakimbia, ukahama mtaa, ukafunga mlango kwa komeo. Usingizi utaukimbia mpaka lini?

Na *The Exorcist*?

Ni filamu kubwa, ya mwaka 1973, William Friedkin aliiongoza kwa mkono wa chuma. Inaanzia kaskazini mwa Iraki, kwenye uchimbaji wa mambo ya kale, na dakika zile za mwanzo nazipenda kuliko ile shingo ya mtoto mwenye pepo inayogeuka.

Lakini tukiiangalia Pwani kuna jambo linachekesha bila kukusudiwa. Mtoto anaongea kwa sauti ya mzee, kitanda kinaruka, na mama yake anampeleka hospitali, anarudi, anampeleka tena, madaktari wanamchoma sindano na kumpiga picha za kichwa. Kibanda kizima kilikuwa kikipiga kelele: "Mama, huyo ana pepo!" Kwa jirani zangu hadithi ingemalizika siku ya pili, angeitwa shehe, au padri, au mganga, pengine wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake ili wasikutane mlangoni. Kwa mtazamaji wa Marekani tisho lilikuwa kwamba pepo yupo. Kwetu lilikuwa kwamba amekaa muda wote huo bila kupungwa.

Zombi na msukule ni kitu kimoja?

Inategemea zombi yupi. Zombi wa George Romero, yule anayetembea kwa kuburuta miguu na kula watu, alizaliwa mwaka 1968 katika *Night of the Living Dead*. Yeye na msukule hawana undugu. Zombi wa zamani, wa imani za Haiti, ndiye ndugu yake hasa: mtu anayedhaniwa amekufa, amezikwa na ameliliwa na watu, kumbe yuko shambani kwa mtu anafanyishwa kazi usiku. Hakuli mtu. Yeye ndiye aliyeliwa.

Hiyo filamu ya Romero itafute, maana ina bahati ya pekee. Walipobadilisha jina lake dakika za mwisho, alama ya hakimiliki ikasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Ndiyo sababu ilikuwepo kwenye kanda za kila aina, na leo unaweza kuiangalia bure bila kumwibia mtu. Stelingi ni Duane Jones, mtu mweusi, jambo la nadra mwaka 1968, na mwisho wake sikuambii.

Mbona unaweka Kihindi humu? Kihindi ni nyimbo na machozi.

Basi hujakutana na ndugu wa Ramsay. Walikuwa familia ya ndugu saba wa Bombay waliogawana kazi zote, huyu kamera, huyu sauti, huyu uongozaji. *Purana Mandir* (1984) ndiyo iliyotunyima usingizi: jitu linaitwa Saamri, limekatwa kichwa, na kichwa kikawekwa mbali na kiwiliwili chake, na laana yake inakiandama kizazi cha aliyelihukumu. Kichwa na mwili vikikutana, kazi imekwisha. Aliyeigiza ni Anirudh Agarwal, mrefu kupita kiasi, na hakuhitaji kupakwa mambo mengi usoni.

Ndiyo, zina nyimbo. Zina na mchekeshaji anayeingia katikati ya mazishi. Ila uzuri wake ulikuwa kwamba familia nzima ilikaa kuangalia, kwa kuwa bibi alidhani ni Kihindi cha kawaida.

Wale Wachina wanaorukaruka mikono mbele, filamu yao inaitwaje?

Swali hili linaongoza kwa kuulizwa. Ni nyingi, lakini inayotafutwa na wengi ni *Mr. Vampire* ya Hong Kong (1985), Lam Ching-ying akiwa mganga wa Kitao, dini ya kale ya Kichina, mwenye nyusi zilizoungana. Maiti hao hawaoni, wanakufuata kwa pumzi yako, hivyo ukibana pumzi wanakupita. Ukibandika karatasi ya njano yenye maandishi kwenye paji la uso wanatulia. Mtaa mzima wa watoto ulikuwa ukibana pumzi mpaka wengine wanaanguka.

Za kwetu je?

Zipo, na zisidharauliwe. Mwaka 1992 Wanaijeria walitoa *Living in Bondage*, iliyozalishwa na Kenneth Nnebue, moja kwa moja kwenye kanda za VHS bila kupita jumba la sinema, na ikaonyesha kwamba hadithi ya kafara na mzimu wa mke inauzika. Kanda za Nigeria zilifika huku zikakuta watazamaji tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi akatengeneza *Nsyuka*, kisha *Shumileta*, na watu waliokuwa wakicheka mazombi ya Wazungu wakanyamaza. Sauti mbaya, mwanga mbaya, vitisho vya kompyuta vya kitoto, nakubali yote. Lakini mzimu anayepita kwenye uchochoro unaofanana na wa kwenu hana haja ya kuonekana vizuri.

Nakumbuka pia mwaka 1995, Popobawa, yule pepo wa kuvamia watu usiku, alipovuma Pemba na Unguja na habari zikavuka mpaka Dar. Watu walilala nje, barazani, wamekusanyika. Mwezi ule rafu ya chini kwa Mjomba haikuguswa na mtu.

Umesema ubora mbaya unasaidia. Unatania?

Sitanii. Kwenye laibrari nyingi hukukodi mkanda halisi, ulikodi nakala. Deki mbili zinaunganishwa, moja inacheza, nyingine inarekodi. Nakala ya nakala ya nakala inapoteza kitu kila mara: rangi nyekundu inavuja pembeni, nyuso zinakuwa ukungu, giza linakuwa tope, na juu ya kioo kuna chenga zinazopanda na kushuka. Wengine walirekodi kwa mwendo wa polepole ili mkanda wa saa tatu ubebe saa sita, ubora ukashuka zaidi.

Sasa weka muuaji ndani ya giza hilo. Kwenye nakala safi ya leo unaona wazi nyuma ya mlango hakuna kitu. Kwa Mjomba, kona yoyote ya picha ingeweza kuwa na mtu, nawe ulisogeza uso karibu na kioo kutazama, jambo ambalo mwongozaji hakuthubutu kuliomba. Halafu sehemu ya kutisha zaidi ndiyo ilikuwa mbovu zaidi, kwa sababu kila aliyekodi aliisimamisha hapo na kuirudia, na mkanda ulisagika mahali pale pale. Chenga zilizidi kabla jambo halijatokea. Zilikuwa zinatuonya.

Wajapani walilifahamu hilo. *Ringu* ya Hideo Nakata (1998) ni mkanda wa video unaoua: ukiuangalia, simu inalia, na una siku saba. Kilichomo kwenye mkanda ni picha mbovu zisizoeleweka, na wokovu wake sikutajii, ila mtu yeyote aliyewahi kuwa na deki mbili nyumbani ataguna.

Nimepata kanda kutoka kwa shangazi aliyeko Marekani. Zinaonyesha mistari tu. Zimeharibika?

Pengine hazijaharibika. Marekani walitumia mfumo wa NTSC, Afrika Mashariki tulitumia PAL. Deki ya mfumo mmoja ikipewa mkanda wa mfumo mwingine inatoa picha isiyo na rangi au inayoviringika. Tafuta deki ya mifumo mingi.

Kanda zangu zina unga mweupe pembeni. Nizipige hivyo hivyo?

Usithubutu! Huo ni ukungu unaoota, na unyevu wa Pwani unaupenda. Ukiupiga mkanda huo, ukungu unahamia kwenye hedi za deki, kisha kwenye kila mkanda utakaoingia baadaye. Zitenge, ziweke mahali pakavu, na umpe mtu anayejua kuzisafisha kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Usikawie, kwani kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, na mafundi wanaozijua wanazeeka.

Filamu za kutisha zilizotafsiriwa na Lufufu au DJ Afro unazionaje?

Lufufu alikuwa bingwa, na DJ Afro wa Kenya simpingi kwa filamu za ngumi. Kwa za kutisha, hapana. Filamu ya kutisha inaishi kwa ukimya, na mfasiri analipwa kuuvunja. Muuaji ananyata, mfasiri anasema "sasa huyu dada hajui kama jamaa yuko kabatini", ukumbi unacheka, na yamekwisha. Ukitaka kucheka, hakuna burudani bora.

Mtoto aanze na umri gani?

Muulize mama yake.

Laibrari zimekufa kabisa?

Zimebadilika. Baada ya kanda zikaja VCD, filamu moja sahani mbili, na ya pili ndiyo iliyokuwa na mikwaruzo siku zote. Kisha DVD zilizorundikiwa filamu kumi na zaidi, picha ndogo ndogo kwenye kava, nusu yake hazimo ndani. Siku hizi ni kijana mwenye kompyuta na spika mlangoni; unampa flashi, anakujazia kwa bei ya soda. Wengine wanajua kazi yao, ukimwambia unataka ya kutisha isiyo na kelele anakuelewa. Wengine watakujazia chochote chenye fuvu. Hakimiliki hapo haijadiliwi, ingawa sheria yake ipo tangu mwaka 1999.

Naweza kuja kuazima kanda zako?

Kuangalia nyumbani kwangu, karibu, njoo Jumamosi na uje na vitafunwa. Kuondoka nazo, hapana. Aliyeazima *Purana Mandir* yangu akahamia Mwanza anajijua, na faini yake bado inahesabiwa.